Sampuli Namba Kumi na Saba

Juni ya Mbeya ina meno.
Loleza umejifunika ukungu hadi shingoni,
lakini chumba cha mbu kina hita mbili.
Kwangu Iyunga sina hata moja.
Wao wanapashwa joto, wanalambishwa maji ya sukari;
mimi navua makoti mlangoni,
nakunja shati hadi begani.

Ndiyo kazi. Wengine hulipwa kwa jasho,
mimi kwa ngozi.
Majike ishirini na tano kizimbani,
wamezaliwa humu humu, hawajawahi kuonja mgonjwa,
na tangu asubuhi hawajapewa kitu.
Dokta Mbilinyi ameshika saa.
"Tayari, Ambakisye?"
Tayari.

Mkono wa kulia umepakwa spiriti tupu:
huo ni wa kuliwa.
Hawamalizi dakika. Wanatua
kama waombolezaji waliosikia wali umeiva.
Mkono wa kushoto umepakwa sampuli namba kumi na saba.

Kanuni ni kanuni:
jani likivuka kizingiti huacha jina nje,
kama viatu.
Lakini pua haikula kiapo.
Pua yangu inakijua kivumbasi cha Ipinda,
kile cha nyuma ya jiko,
Mama alichokifunga kwa ganda la mgomba
akampa kondakta wa basi la alfajiri,
kisha akanipigia: "Kitieni kwenye mashine zenu.
Kitawaaibisha."

Dakika ya kumi. Wananusa, wanageuka.
Ya ishirini. Mmoja anasogea, anasita,
kama mdaiwa aliyemwona mwenye duka.
Moyo unataka kupiga vigelegele;
naukanya, mkono usije ukatikisika.
Ya arobaini. Dokta anapandisha nyusi.
Ya hamsini.
Ya hamsini na mbili, mmoja,
mwembamba kama uzi uliochomoka kwenye shuka,
anatua karibu na kifundo,
anainamisha kichwa, anainua makalio juu
kama anayesujudu,
anazama.

"Hamsini na mbili. Andika."
Nikaandika.
Jumanne tukarudia: hamsini na tano.
Alhamisi: arobaini na nane.
Namba hazina mama.

Lakini sisi tulilala!
Watoto sita, mkeka mmoja,
Kyela ya masika, mpunga umefika mlangoni,
mbu nje wakiimba kama kwaya iliyonyimwa kanisa,
nasi usingizi mnono mpaka jogoo.
Saa nane za usiku haziingii
ndani ya dakika hamsini na mbili.
Nimezikunja kila namna. Haziingii.

Nikampigia. Namba sikumwambia.
"Mama, yale majani, ukishayatia motoni jioni, basi?"
Akacheka kicheko chake chenye kikohozi ndani.
"Basi vipi? Ungejuaje nawe umelala?
Moshi ukikonda, naamka.
Natia mengine. Najilaza. Unakonda tena, naamka."
"Mara ngapi kwa usiku?"
"Mwanangu, sikuwa na saa."

Akaniuliza kama mashine zimeaibika.
Nikasema bado tunapima.
Na baada ya kukata simu ndipo nikaukumbuka
mwaka aliolazwa Matema majuma mawili,
kivumbasi kimejaa uani, kibichi, kinanukia,
shangazi akikifukiza kila jioni, mara moja,
kama alivyoelekezwa;
na Mama aliporudi
mkekani tulikuwa watano.

Fomu ina mistari mitatu ya maelezo.
Nikajaza: Kimiminika cha kijani, harufu kali, ngozi haikuwasha.
Nikajaza: Kinga, wastani, dakika hamsini na mbili.
Mstari wa tatu, kwa mwandiko mdogo:
Baada ya hapo anahitajika mtu wa kuamka.

Dokta Mbilinyi ameusoma mara mbili.
Ameukata kwa kalamu nyekundu,
polepole,
kwa rula.